Wadada wanaopiga panki na metali nzito, nianze kumsikiliza nani? Na je, kunguruma kunaua koo?

besi_ya_buzuruga anauliza:

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mi ni mdada wa miaka 22 niko hapa Mwanza, kazi yangu fundi simu, kibanda kiko jirani na stendi ya Buzuruga, na kanisani napiga gitaa la besi kwenye kwaya, huu ni mwaka wa sita sasa. Mnivumilie nitaandika kirefu.

Mwezi ulopita mteja kaleta simu spika imekufa. Nikabadilisha spika, nikafungua wimbo wa kwanza niliokutana nao kwenye memori kadi yake ili nipime. Ikatoka sauti inakwaruza mpaka nikasema hii spika niloweka nayo mbovu, nikaitoa nikaweka nyingine, ikawa vile vile. Nikachomeka iyafoni nisikilize kwa makini ndo nikagundua kumbe ule mkwaruzo ndo wimbo wenyewe, na chini yake kuna besi inatembea nzito, taratibu, kama lori la mchanga linapanda kilima cha Bugando. Niliurudia mara nne wateja wamesimama wananisubiri. Mwenye simu alivyorudi akaniambia hao ni Bolt Thrower wa Uingereza, muziki wao unaitwa deth metali, halafu akamalizia kama anasema kitu cha kawaida tu, "na huyo anayepiga besi ni mwanamke".

Yani hapo nikaishiwa maneno. Miaka sita nimeshika besi na kila wakija wageni kanisani wanamuuliza mwalimu wa kwaya mpiga besi ni nani, mi nimesimama pale pale gitaa liko shingoni. Kuna fundi mitambo aliwahi kuja kunichomolea waya akidhani namshikia mtu. Sijawahi kuambiwa na yeyote kwamba kuna mwanamke popote duniani ambaye kazi yake ni kupiga besi kwenye bendi, tena bendi nzito vile.

Sasa naombeni msaada. Ni huyo mmoja tu au wapo wengine? Maana nikitafuta mtandaoni naletewa picha za waimbaji warembo, na mi nataka wapigaji, nataka kujua walianzaje, nani aliwaruhusu. Halafu ile sauti ya kunguruma, nimejaribu chumbani jioni mbili tu koo likaniwaka siku tatu, na mi kwaya naimba pia, je inaua koo au kuna namna yake? Na la mwisho, mama yangu alinikuta nasikiliza, akachukua iyafoni moja akaweka sikioni, akasikiliza kidogo, akanirudishia bila kusema neno. Mama yangu akigomba yanaisha. Akinyamaza hayaishi. Nifanyeje?


mzee_wa_kaseti:

Binti yangu umenirudisha mbali sana. Nilikaa Birmingham toka 1986 mpaka 1990 nasoma ufundi wa mashine, na Coventry, mji wa hao Bolt Thrower, ni hapo jirani tu, unapanda treni hata gazeti hujamaliza umefika. Ilikuwa miji ya viwanda, viwanda vya magari vinafungwa kimoja baada ya kingine, vijana wamejaa mitaani hawana kazi, na muziki uliotoka kule ulikuwa na mlio wa kiwanda kabisa, watu walikuwa wanapiga kile walichozaliwa wakikisikia.

Bendi ilianza 1986, Jo Bench akaingia 1987, akashika besi na hakuiachia tena. Albamu zao zote 8, kuanzia ya 1988 mpaka ya mwisho ya 2005, besi ni ya yule dada. Mpiga drams wao Martin Kearns alivyofariki Septemba 2015 wenzake wakaona hakuna wa kukaa kwenye kile kiti, na mwaka uliofuata wakafunga bendi rasmi. Hesabu mwenyewe, karibu miaka 30 bendi moja. Ninachompendea ni kwamba hawakumuweka mbele kama ua la mezani. Alisimama upande wake nywele zimemfunika uso, anapiga, shoo imeisha anasaidia kubeba vyombo. Na nyimbo zao ni za vita, mizinga na mahandaki, hamna cha mapenzi wala nini.

Lakini usimfanye yeye ndo wa kwanza, rudi nyuma kwenye panki, ile roki ya kelele na kasi. Huko kuna mtu nataka umjue kwa moyo wote, Poly Styrene wa X-Ray Spex. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake mzungu wa hapo hapo Uingereza. Mwaka 1976, siku anatimiza miaka 19, akaenda kuwaona Sex Pistols kule Hastings, mji wa pwani, akaona kumbe hawa hata kupiga vizuri hawajui na bado wamepanda jukwaani, akarudi akaweka tangazo gazetini anatafuta vijana wa kuanzisha nao bendi. Ndivyo ilivyoanza, kwa tangazo tu. Alikuwa amevaa nyaya za kunyoosha meno na hakuzificha, alivaa nguo za rangi za kugombana, na saksafoni alipuliza msichana wa shule, Lora Logic. Albamu yao ilitoka 1978 na dada anaimba habari za plastiki na vitu vya kununua na kutupa. Mimi nikipita pale ufukweni Kirumba nikaona chupa zinavyoelea namkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alifariki Aprili 2011, kansa.

Halafu kuna The Slits, hao nao 1976, muimbaji wao Ari Up alikuwa na miaka 14. Albamu yao ya kwanza, 1979, waliitengeneza na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, mtu wa rege haswa, kwa hiyo besi ya Tessa Pollitt mle inacheza kirege kabisa. We mpiga besi anzia hapo, utaelewa upesi kuliko ukianza na deth metali. Kwenye metali yenyewe wapo Girlschool, London, 1978, wanawake watupu, waliwahi kutoa rekodi pamoja na bendi ya Motörhead 1981. Na Ujerumani kulikuwa na Sabina Classen wa Holy Moses, huyo alikuwa ananguruma miaka ya 80 wakati hata wanaume wengi hawajaanza.

Umeuliza nani aliwaruhusu. Mwanangu, mimi nilikuwa kule na sikumuona mtu aliyekuwa anatoa hicho kibali.


mama_wa_alto:

Bwana asifiwe binti. Mi ni mama, naimba alto zaidi ya miaka 20 sasa, sijaja kukufokea, ila mzee hapo juu kasema mazuri tu na ukweli una upande wa pili. Mwaka 1992 kule Norway, Bergen, kanisa la mbao la Fantoft lilichomwa moto na watu wa hiyo hiyo metali, wale wa blaki metali, na likafuatiwa na mengine. Hilo si la kusimuliwa, kesi za kuchoma makanisa zilifika mahakamani na watu wakafungwa. Na mwanangu wa kiume alipokuwa sekondari alikuwa na majalada ya hizo albamu za deth metali kwenye simu, nilichokiona ni maiti za wanawake. Wamekatwa, wamefungwa. Nikajiuliza mtu anachora hivi ili nani afurahi.

Kwa hiyo swali langu ni dogo. Kwa nini uingie nyumba ambayo ukutani wamechora mwili wako umekatwa? Na jina lenyewe linasema kifo. Binti wa miaka 22 anatafuta nini kwenye kifo, wakati ana kipaji na ana kwaya inayompenda? Kunyamaza kwa mama yako mimi nakuelewa.


mzee_wa_kaseti:

Mama nakubaliana na wewe yote uliyosema, ya Fantoft ni kweli na ya majalada ni kweli, na wanawake walioko ndani ya huo muziki waliyaona kabla yetu. Kuna bendi ya Wales inaitwa Venom Prison, muimbaji wao Larissa Stupar, albamu yao ya kwanza ya 2016 waliigeuza ile picha, jaladani wanawake ndo wanamhukumu mbakaji. Ni picha ngumu kuitazama, sisemi uibandike sebuleni. Ila ujue ndani ya hiyo nyumba wanawake wanafuta ukuta na kuchora upya.


ukhty_mwaloni:

Asalaam aleikum wote. Mi nauza dagaa Mwaloni hapa Kirumba, navaa hijabu yangu, na nasikiliza metali toka niko kidato cha tatu. Nataka kumjibu mama yangu hapo juu kwa heshima, na huyu mdogo wangu nimpe majina matatu tu yatamsaidia na mama yake.

Indonesia, Java Magharibi, kuna sehemu inaitwa Garut, vijijini. Mwaka 2014 wasichana watatu wa madrasa walikuwa na mwalimu wao wa ushauri nasaha, akawawekea nyimbo za metali, wakapenda, akawafundisha kupiga. Marsya gitaa na sauti, Widi besi (sikia hapo, besi!), Sitti drams. Wakajiita Voice of Baceprot, hilo neno baceprot kwa Kisunda, lugha ya kwao, maana yake kelele. Wote watatu hijabu kichwani. Wazazi walikataa, majirani walisema, watu wakawatumia vitisho, wengine wakisema hijabu na metali havikai pamoja, na wao wakaendelea kuswali na wakaendelea kupiga. 2021 wakaenda kuzunguka Ulaya, 2022 wakapanda Wacken, Ujerumani, lile tamasha kubwa kabisa la metali, na Juni 2024 wakapiga Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza ya Indonesia kupanda pale.

Kilichonigusa mimi, mwaka 2022 walitoa wimbo ambao ni dua kabisa, wanamuomba Mungu awaruhusu kupiga muziki. Metali nzito, drams zinakimbia, na maneno ni ya mtu aliyepiga magoti. Na mwaka huo huo wakatoa mwingine wa kusema mwili wa mwanamke si mali ya umma. Mama, hayo majalada uliyoyaona mimi pia nimeyaona, na sijawahi kuyapenda, ila hawa mabinti walichukua kelele ile ile wakasemea kitu ambacho sisi huku tunakisema kwa kunong'ona. We unajua pale mwaloni alfajiri boti zikiingia mwanamke anaambiwa maneno gani ili apate ndoo ya dagaa. Mi nikiwa na iyafoni yangu moja sikioni nawasikiliza hao watoto, mgongo unanyooka.

Mdogo wangu usimuwekee mama Bolt Thrower kwanza. Muwekee hawa, tena video, aone nguo zao na umri wao.


koo_salama:

Habari. Niingie kwenye koo maana ndo fani yangu, nafundisha sauti kwenye kwaya mbili maeneo ya Nyegezi.

Kukuwaka siku tatu ni dalili kwamba ulikuwa unapiga kelele, hukunguruma. Ni vitu viwili. Kwenye koo kuna nyuzi za sauti zenyewe, na juu yake kidogo kuna mikunjo mingine miwili ya nyama ambayo watu huita nyuzi za uongo, kazi yake ya kawaida ni kulinda, inajifunga ukimeza au ukinyanyua mzigo mzito. Anayenguruma vizuri anaitetemesha ile ya juu, na nyuzi halisi zinafanya kazi kidogo. Anayenguruma vibaya anazigonganisha zile halisi kwa nguvu zote mpaka zinavimba, na akiendelea miezi anaota vinundu. Njia ya kuanza ni ndogo sana, utashangaa. Unaguna. Ule mguno wa mtu aliyenyanyua dumu la maji, huo huo, kwa pumzi ya tumboni, sauti ya chini ya mazungumzo ya kawaida, sekunde mbili tatu, unapumzika. Dakika 10 kwa siku wiki za mwanzo, usizidishe. Ukubwa wa sauti unaletwa na maiki, na watu wengi hawajui hili, yule unayemuona jukwaani kama simba ukisimama naye bila maiki utakuta hata mtoto aliyelala chumba cha pili haamki.

Dalili unazotafuta: mtekenyo sawa, ukavu kidogo sawa, kunywa maji. Maumivu hapana. Ukisikia maumivu simama siku hiyo hiyo. Na sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usikae unakunywa tangawizi tu. Jumapili ya kwaya usingurume kabla ya ibada.

Mfano wa mtu ni Angela Gossow, Mjerumani. Alikuwa anaandika habari za muziki mtandaoni, akaenda kumhoji Christopher Amott wa Arch Enemy, akamuachia na rekodi yake. Bendi ilipomtafuta muimbaji wakaikumbuka ile rekodi. Albamu ya kwanza na yeye ni ya 2001, na mimi niliisikiliza mwaka mzima nikiamini ni dume la kilo 100. Aliimba mpaka 2014 akamkabidhi Mkanada Alissa White-Gluz, yeye akabaki meneja wa bendi ile ile. Miaka kumi na kitu ya kunguruma karibu kila usiku wa ziara, kwa hiyo kama ni kuua koo lingekufa zamani. Na huko Marekani kuna mwalimu wa sauti, Melissa Cross, mama mtu mzima, wanaume wa metali wenye tatuu mpaka shingoni wanapanga foleni awafundishe kupumua.


pita_zako:

Dada huo sio muziki ni kelele. Sisi Kanda ya Ziwa tuna ngoma zetu, tuna nyimbo zetu, mwanamke akiimba asikike sauti yake nyororo, sio kubweka. Hayo mambo waachie wazungu.


drams_igoma:

Mkuu pita_zako heshima yako lakini kwenye hili umekosea na nitakwambia kwa nini. Bi Kidude alikuwa na sauti nyororo? Sauti yake ilikuwa na kutu, na ngoma ya msondo aliipiga akiwa bibi wa miaka mingi, ameibana kati ya miguu, na dunia nzima ilisimama kumsikiliza mpaka alipofariki Aprili 2013. Saida Karoli katoka Kagera huku huku ziwani, na ngoma anapiga. Na ukienda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, uangalie vikundi vya Bagika na Bagalu wanavyoshindana, hiyo ndo kelele, watu wamekanyaga vumbi mpaka jua halionekani, na hakuna aliyewahi kusema waachie wazungu. Kelele ni yetu toka zamani.

Na kuhusu wazungu, Botswana wana metali yao miaka mingi, wanavaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe, bendi ya Skinflint ya Gaborone kwenye drams alikaa mwanamke, Sandra Sbrana. Wabrazil wana Nervosa, Sao Paulo, 2010, wanawake watupu, 2020 bendi ikapasuka, wawili wakatoka wakaenda na bendi yao ya Crypta, Prika Amaral akabaki na gitaa lake akaijenga upya Nervosa na siku hizi anaimba mwenyewe, kwa hiyo pale ilipokuwa bendi moja ya wanawake zikawa mbili. Na hapa hapa ziwani, ukivuka kwenda Jinja, wana tamasha la Nyege Nyege toka 2015, na lebo yao ya Kampala ndo ilitoa albamu ya Duma, bendi nzito ya Nairobi, 2020 (duma ya Kikikuyu, maana yake giza, sio mnyama). Wale walikuwa wanaume wawili lakini nasema tu kwamba mlango uko hapo ng'ambo ya ziwa, sio ng'ambo ya bahari.

Sasa dada mwenyewe. Mi napiga drams bendi ya dansi, wikiendi harusi na sherehe, na nina seti yangu nyumbani Igoma. Nyumba yetu imejengwa kati ya mawe mawili makubwa kama unavyojua mawe ya Mwanza, jiwe moja liko upande wa jirani na jingine upande wa barabara, sauti inaishia hapo. Mtu akikwambia bandika trei za mayai ukutani usipoteze hela, zinapunguza mwangwi tu ndani, jirani anasikia kama kawaida. Godoro mlangoni, blanketi ndani ya dramu kubwa, na tunaacha saa 12 jioni, imetosha, jirani yangu mwenyewe ni mzee wa kanisa na tunaelewana.

Besi yako ni ya nyuzi nne au tano? Kama nne usikimbilie kununua nyingine, tafuta nyuzi nene, ushushe zote ziwe B E A D, utapata ule uzito. Na ule mkwaruzo, wewe ni fundi simu bwana, pedali ya kukwaruza ya zamani ile ni transista mbili, rizista kadhaa na kapasita, betri ya volti 9, unaweza kuiunga mwenyewe kwenye kopo la maziwa ya unga.

Na kitu kimoja tukija kufika kwenye shoo. Kathleen Hanna wa Bikini Kill, panki ya Marekani miaka ya 90, alikuwa anasimamisha shoo anawaambia wanaume rudini nyuma, wasichana waje mbele, maana mbele ndo kwenye kusukumana na kushikwashikwa. Mi nimepiga harusi za kutosha kujua dada anayekaa mbele ya jukwaa anapitia nini. Tukifanya shoo tutafanya hivo hivo, na mi nitakuwa wa kwanza kusema kwenye maiki.


besi_ya_buzuruga:

Shikamooni wakubwa, na wengine wote asanteni, nimesoma kila neno, nimesoma mara mbili tatu. Jana usiku nimewasikiliza X-Ray Spex mpaka bando likakata. Yule dada Msomali jamani. Sauti yake kama mtu anayepasua bati, na unasikia kabisa anafurahi.

Mama wa alto, umeniuliza natafuta nini kwenye kifo, na hilo swali nimetembea nalo siku mbili, naomba nikujibu ukweli. Mama yangu alikuwa na dada yake mkubwa. Alipanda MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ikazama hapa hapa karibu na Mwanza watu wanaiona bandari, na mama mkubwa hakutoka. Mi sijamuona, nimezaliwa baadae, namjua kwa picha moja kavaa gauni la maua. Kila mwaka ikifika tarehe hiyo mama haimbi. Anakwenda makaburini Igoma, anarudi, anapika, analala. Na sisi nyumbani tumekua tukijua kuna kitu kikubwa kiko sebuleni na hakina sauti. Kwaya tuna nyimbo za msiba, nzuri sana, nimezipiga mazishi mengi, zinafariji. Lakini siku ile nilivyoweka iyafoni nikasikia ile besi, ndo mara ya kwanza nasikia sauti yenye ukubwa sawa na kile kitu. Sikuwa natafuta kifo mama. Kilikuwepo nyumbani.

Ukhty nimefanya ulivyosema. Nimemuwekea mama wale mabinti wa Indonesia, video, usiku tumemaliza kula. Ameangalia wote watatu, akauliza yule wa besi ana miaka mingapi, nikamwambia alianza mdogo kuliko mimi. Akauliza wanaimba nini, nikamsomea ile dua. Akanyamaza tena, ila safari hii hakunirudishia simu, aliishika mpaka wimbo ukaisha. Halafu nikamwambia kwamba nataka kuandika wimbo wa mama mkubwa. Akasema jina lake msilitaje mpaka nikwambie. Nimekubali. Hajasema ndio, na hajasema hapana.

Mwalimu wa koo naguna dakika 10 kila asubuhi nikifungua kibanda, wapiga debe wa stendi wameshazoea. Hakuna maumivu. Mtekenyo upo.

Kaka wa drams besi ni ya nyuzi nne na ni ya kanisa, siwezi kuishusha wala kuitoa pale, na kwaya siachi, hilo nilishaamua toka mwanzo. Ila kuna mtu Nyakato anauza besi kuukuu, shingo imepinda kidogo, pikapu moja, ile sumaku inayonasa mlio wa nyuzi, haitoi sauti. Pikapu nitaitengeneza mwenyewe. Nimeshatoa nusu ya hela. Jumamosi hii inawezekana?


drams_igoma:

Jumamosi saa 8 mchana, shuka kituo cha Igoma sokoni nipigie nikufuate, ukija mwenyewe utapotea kwenye mawe. Njoo na mtu ukitaka, dada au rafiki, nyumbani yupo mama yangu pia. Amplifaya ya besi ninayo ndogo, inatosha. Shida ni waya, wa kwangu una mkato ndani, ukiugusa unakohoa.


besi_ya_buzuruga:

Usiutupe. Nakuja na vifaa vyangu, nitaukata pale palipokatika niuchomelee risasi upya kabla hatujaanza.